Bima ya Mnyama Mgonjwa

Neno bima lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari, katika vinywa vya wafanyabiashara wa Bara Hindi, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Asili hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu biashara ya bima haikuanza kwa kuzama kwa chombo. Ilianza kwa hofu ya kuzama. Mwenye jahazi hukata bima jahazi lingali salama bandarini. Likisha kupasuka juu ya mwamba, hapana mtu mwenye akili timamu atakayekubali kulikatia bima kwa ajili ya mwamba ule ule. Jambo hili ni wazi hata kwa mtoto, na yamkini msomaji atashangaa kwa nini liandikiwe insha. Lakini jahazi ni mbao na misumari. Huzama mara moja au halizami. Kiumbe chenye uhai huzama polepole, kwa miaka, na katika muda wote huo yungali juu ya maji, ala chakula chake, alala jua lake, na ada ya bima yake hudaiwa kila mwezi.

Wanyama wa nyumbani waliingia katika bima nyuma sana ya majahazi. Uswidi huhesabiwa kuwa ya kwanza kumkatia mbwa bima, mwaka 1924. Katika Marekani mkataba wa kwanza wa namna hii ulitolewa mwaka 1982 kwa mbwa wa sinema aliyejulikana kwa jina la Lassie. Aliyemchagua mbwa huyo bila shaka aliijua biashara yake. Uingereza ina sababu yake yenyewe ya kuihitaji bima hii. Tangu tarehe 5 Julai 1948 mtu akiugua katika nchi hiyo hutibiwa pasipo kuulizwa fedha mlangoni pa hospitali. Paka hana haki hiyo. Akivunjika mguu mwenyewe hulipa kila kitu, tangu picha ya mifupa hata uzi wa kushonea, na hesabu yaweza kufika maelfu ya pauni. Chama cha PDSA, kilichoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, hutibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo, lakini mtu wa kipato cha katikati hana mlango huo. Wala kumwacha mnyama bila ya tiba si hiari ya mtu, maana sheria ya mwaka 2006 ya ustawi wa wanyama humwajibisha mwenye mnyama kumkinga na maumivu, majeraha na maradhi. Sheria yaamuru tiba, haiamuru bima. Katika nafasi iliyobaki kati ya mambo hayo mawili ndipo makampuni ya bima yalipojenga nyumba yao.

Mwanamke mmoja mzaliwa wa Tanga, muuguzi kwa kazi, akiishi katika mji wa Reading, magharibi ya London, alikuwa na paka dume mweupe aitwaye Pamba. Alimkatia bima alipokuwa na umri wa mwaka mmoja, kwa pauni 11 kila mwezi. Nyumbani kwao Tanga paka hupendwa, hulishwa kichwa cha samaki, hulala juu ya mkeka pamoja na watoto. Lakini habari ya kumlipia bima ilichekwa sana. Mdogo wake alimwuliza kwa simu, "Dada, paka ana bima, na mama je?" Hakukasirika, kwa maana swali lilikuwa la haki. Dawa za mama alizilipa yeye pia, kila mwezi, siku ile ile aliyolipa ada ya paka, na mama hakukosa kidonge hata kimoja kwa sababu ya Pamba. Walakini tangu siku hiyo hakutaja tena bima ya paka mbele ya jamaa zake.

Miaka minane ikapita bila ya dai. Katika mwaka wa tisa Pamba akaanza kunywa maji kama ngamia, kukojoa kupita kiasi, na kukonda ijapokuwa alikula vizuri. Alikuwa paka dume aliyehasiwa, mzito, asiyetoka nje, na wa umri mkubwa, na sifa zote hizo ndizo zinazokaribisha kisukari katika paka. Muuguzi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alijifunza kumchoma paka sindano ya insulini kila baada ya saa 12, asubuhi kabla ya kwenda kazini na usiku baada ya kurudi, na zamu zake zilipogongana na sindano alimwomba jirani. Kampuni ya bima ililipa. Hapo alijua thamani ya jambo alilolifanya miaka minane nyuma bila ya kulifikiri sana.

Mikataba ya bima ya wanyama katika Uingereza si ya namna moja, na majina yake hayamsaidii mnunuzi. Upo wa ajali tu, ambao kwa kisukari ni sawa na karatasi tupu. Upo unaotenga kiasi maalumu cha fedha kwa kila ugonjwa. Fedha zikiisha, ugonjwa huo hauna tena mwenyewe. Upo unaolipa kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu dalili zilipoanza, kisha huufunga nje, hata kama mwenye mnyama hakuchelewesha ada siku moja. Huu wa tatu wastahili kutazamwa kwa jicho kali. Mnunuzi huuona rahisi, naye haoni kwamba amenunua mwavuli unaojifunga mwenyewe mvua ikiendelea. Kisukari, baridi yabisi, maradhi ya ngozi na ya figo hayaishi kwa miezi 12. Mnyama wa mkataba huo hufukuzwa na kampuni yake mwenyewe, na akiisha kufukuzwa hapana nyingine itakayompokea kwa ugonjwa ule. Mkataba wa nne ndio uitwao wa maisha. Kiasi chake cha fedha hurejea upya kila mwaka maadamu mkataba haukukatika. Pamba alikuwa na huu, si kwa hekima ya muuguzi, bali kwa sababu karani aliyejibu simu siku ile aliutaja kwanza.

Neno zito katika mkataba wa maisha ni hilo, kutokukatika. Ada ikipanda, mwenye mnyama mzima husema kwaheri na kwenda duka la pili. Mwenye mnyama mgonjwa hawezi, kwa kuwa kila kampuni mpya huuliza habari ya maradhi yaliyotangulia. Na maana ya maradhi hayo ni pana kuliko adhaniavyo msomaji. Si ugonjwa uliopewa jina na daktari peke yake. Dalili yoyote iliyoonekana kabla ya mkataba kuanza, hata kama hakuna aliyejua ilikuwa dalili ya nini, huhesabiwa. Tena hata baada ya mkataba kuanza kuna siku za kungojea, aghalabu 14 kwa magonjwa, na litakalojitokeza ndani ya siku hizo huhesabiwa kuwa lilikuja na mnyama. Mbwa aliyekatika kano ya goti la kulia huweza kunyimwa bima ya goti la kushoto lililo zima, kwa hoja kwamba viungo vya jozi hufuatana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake katika elimu ya tiba, na jambo hilo laifanya iwe chungu zaidi.

Ada ya Pamba ilipanda. Kutoka pauni 19 alipougua ilifika 47 katika muda wa miaka mitatu. Barua ya mwaka ilisema kwa adabu kwamba wanyama huzeeka na matibabu huzidi gharama, na maneno yote mawili yalikuwa kweli. Makampuni mengine hutangaza kwamba hayapandishi ada ya mnyama mmoja kwa sababu ya madai yake mwenyewe, bali kwa umri, aina, mahali na bei za madaktari. Na mwezi Mei 2024 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilifungua uchunguzi rasmi wa soko la matibabu ya wanyama wa nyumbani, kwa hiyo manung'uniko juu ya bei hizo hayakuwa ya mtu mmoja. Muuguzi aliamua kutafuta kampuni nyingine. Aliomba kwa daktari nakala ya habari zote za Pamba, kwa kuwa alijua zitatakiwa, akaketi nazo usiku baada ya sindano.

Zilikuwa kurasa kumi na moja. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuandika habari za wagonjwa kila siku, naye alijua namna zinavyoandikwa, kwa haraka, kwa kifupi, kwa ajili ya macho ya mwenzake wa zamu ijayo. Hakuwa amefikiri kwamba habari hizo zaweza kusomwa na mtu asiyekusudia kumtibu mgonjwa. Alisoma kwamba katika mwaka wa tatu Pamba alichechemea mguu wa nyuma siku mbili. Alikumbuka, alikuwa ameruka kutoka juu ya kabati. Katika kampuni mpya kuchechemea huko kungeweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa viungo. Alisoma kwamba mwaka wa sita alitapika mara moja baada ya kubadilishiwa chakula. Hilo lingeweza kuwa tumbo. Kisha akafika kwenye ziara ya chanjo, miezi saba kabla ya kisukari kujulikana, na hapo daktari aliandika mstari mmoja: mwenye paka asema anakunywa maji zaidi kidogo.

Alilisema yeye. Alilisema kwa mazungumzo, mkono mlangoni, kama mtu atajavyo hali ya hewa. Kwa kampuni yake ya zamani mstari huo haukudhuru kitu, kwa sababu mkataba ulikuwa umeanza miaka mingi kabla yake. Lakini aliona upesi ingekuwaje kama angehamia kampuni nyingine katika miezi ile saba, akiamini ana paka mzima. Kisukari kingekuwa kimetangulia, na shahidi wa kutangulia kwake angekuwa ulimi wake mwenyewe.

Hapa pana jambo ambalo watungaji wa mikataba hawajalipima vya kutosha. Tiba ya mnyama yategemea maneno ya mtu mwingine, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hasemi. Daktari humwuliza mwenye mnyama: anakulaje, analalaje, kuna lolote jipya? Kadiri mwenye mnyama asemavyo mengi ndivyo ugonjwa uonekanavyo mapema. Bima yasoma maneno yale yale kwa kusudi jingine, na kadiri yalivyo mengi ndivyo milango inavyofungwa. Mtu mwangalifu, amtazamaye mnyama wake kila siku na kupeleka kila wasiwasi kwa daktari, hujikuta na kurasa kumi na moja. Mtu mzembe ana ukurasa mmoja safi. Kwa hesabu ya bima mnyama wa mzembe ni mzima.

Mdogo wake wa Tanga, aliyekuwa ameacha kucheka tangu aliposikia habari za sindano, alimpa shauri. "Dada, paka hasemi. Nenda kwa daktari mwingine, waambie mzima." Ni shauri ambalo wengi hulifikiri. Muuguzi alimjibu, "Paka hasemi, mdogo wangu, lakini daktari ameandika." Na ndivyo ilivyo. Kampuni nyingi haziombi habari za daktari siku ya kupokea ada. Huziomba siku ya kudaiwa, kutoka kwa kila daktari aliyepata kumwona mnyama. Basi mdanganyifu hulipa ada kwa miaka, akijiona amesalimika, na hufahamu kwamba hakuwa na bima siku ile anapoihitaji.

Wajibu wa kusema kweli katika bima ni wa zamani. Katika mwaka 1766 hakimu Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Kiingereza huko Bencoolen, katika kisiwa cha Sumatra, naye aliikatia ngome bima isije ikatekwa na adui wa Ulaya. Wafaransa wakaiteka. Mtoa bima akakataa kulipa, akisema gavana alijua udhaifu wa ngome na hatari ya Wafaransa naye hakueleza. Kesi hii hutajwa mara nyingi kuwa chanzo cha kanuni ya nia njema kabisa, na watu hudhani gavana alishindwa. Alishinda. Mansfield aliona kwamba mtoa bima katika London aliweza kuyajua au kuyauliza mambo hayo, na asiyeuliza hana haki ya kulalamika baadaye. Nia njema huwafunga wote wawili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi imerudi karibu na maana hiyo. Mnunuzi halazimiki tena kubahatisha ni lipi kampuni ingependa kujua. Kampuni ndiyo iulize, naye ajibu kwa uangalifu wa kadiri. Akidanganya kwa kusudi, mkataba huvunjwa. Akikosea kwa kutoangalia, hupunguziwa kwa kipimo.

Lakini kanuni hiyo nzuri haimfikii Pamba. Kumfungia nje mnyama kwa ugonjwa uliotangulia hakutegemei mtu alisema au alinyamaza. Muuguzi aliweza kuwa mkweli kama mizani, na kisukari kingebaki nje vilevile. Ukweli wamwokoa na kesi; hauwezi kumpatia bima.

Na kwa haki yote, hapana budi kukiri kwamba kampuni mpya ikimkataa Pamba haitendi uovu. Insulini ya mwaka ujao si hatari. Ni hesabu inayojulikana, na anayetaka alipiwe hesabu inayojulikana ataka zawadi, si bima. Kosa liko mahali pengine, kwa kampuni ya zamani. Mteja asiyeweza kuondoka hana kitisho cha kuondoka, na mfanyabiashara asiyetishwa hupandisha bei. Tarehe 1 Januari 2022 mamlaka ya Uingereza inayosimamia mwenendo wa makampuni ya fedha ilipiga marufuku kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mteja mpya wa namna yake, katika bima za nyumba na za magari. Bima za wanyama hazikutiwa. Mwenye gari aweza kuhama kampuni kwa robo saa, naye akapewa ngao. Mwenye paka wa kisukari hawezi kuhama kabisa, naye akaachwa. Ni vigumu kuona hekima ya mpango huo.

Katika Marekani mwaka 2022 baraza la wasimamizi wa bima wa majimbo lilitunga sheria ya mfano kuhusu bima za wanyama, ili kila jimbo litakalo liifuate. Mambo mawili ndani yake ni mema. La kwanza, ugonjwa uliolipwa katika mkataba hauwezi kuitwa uliotangulia mkataba huo unapofanywa upya. La pili, kampuni inayosema ugonjwa ulitangulia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Hayo hayashushi ada, lakini humwondolea mtu hofu moja. Katika Uingereza, anayeona amenyimwa isivyo haki hulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, yenye wiki 8 za kujibu, kisha hupeleka shauri bure kwa msuluhishi wa mambo ya fedha aliyewekwa na sheria ya mwaka 2000, ambaye hutazama lililo la haki na la akili katika shauri lenyewe, wala hasimami kwenye herufi za mkataba peke yake.

Katika mwaka wa tatu wa ugonjwa ikatokea neema. Kwa insulini na chakula chenye wanga kidogo, sukari ya Pamba ikatulia, sindano zikapunguzwa, zikaachwa. Jambo hili hutokea kwa paka, hasa tiba ikianza mapema, na madaktari hawaliiti kupona. Huliita kutulia kwa ugonjwa, maana waweza kurudi. Muuguzi alikuwa amesoma kwamba baadhi ya makampuni huupokea ugonjwa wa zamani ikiwa imepita miezi 24 bila dalili, bila dawa na bila shauri la daktari. Akaanza kuhesabu, kisha akasimama. Paka aliyetulia kisukari hupimwa damu mara kwa mara ili kurudi kwake kusipite bila kuonekana. Je, kupimwa si shauri la daktari? Aliuliza kampuni mbili. Moja ilijibu kwamba kila kipimo huanzisha hesabu upya. Nyingine ilijibu kwamba kisukari ni maradhi ya maisha na miezi haihesabiwi hata kidogo. Ili apate bima ya kisukari ilimpasa kuacha kukitazama kisukari kwa miaka miwili.

Hakuhama. Alipiga simu kwa kampuni ya zamani, akakubali kuongeza fungu la kwanza la gharama ambalo hujilipia mwenyewe kwa kila ugonjwa, na ada ikashuka hata pauni 38. Kabla ya kukubali aliuliza mara mbili, na akataka jibu kwa maandishi, kama badiliko hilo lingehesabiwa mkataba mpya, kwa sababu kushuka daraja ndani ya kampuni ile ile pengine huwa ni kuhama kwa jina jingine. Wakamwandikia kwamba sivyo. Barua hiyo aliiweka pamoja na hati zake za kazi.

Mwezi uliofuata alimpeleka Pamba kupimwa. Sukari ilikuwa nzuri. Daktari, kijana aliyekuwa mgeni pale, alimwuliza kama kuna lolote jipya. Pamba alikuwa ameanza kuruka kitandani kwa kusitasita, kama mzee anayepanda ngazi. Muuguzi alinyamaza kidogo, mkono juu ya mgongo wa paka, kisha akaeleza yote, tangu lini na mguu upi, na daktari akaandika.